Nusu ya Dua

Bahiya si mwoga, na anayesema vingine aje anitafute mimi. Nimemwona akimtoa nyoka kwenye tangi la maji kwa koleo la mkaa, huku wanaume wawili wamesimama mlangoni wakimpa mawaidha. Nimemwona akimshusha mwizi ngazi kwa mchi wa kinu. Lakini mwaka 2004 nilimwona akitetemeka kwa ajili ya kofia, kofia ya kitambaa, ya buluu, yenye vitundu vya kupitishia nyaya. Mtoto wa shemegi yake aliitoa kwenye sanduku akaiweka juu ya kitanda, na Bahiya akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Mimi ni Mwatum, mpangaji wao wa chini, hapo mtaa wa Kiponda. Wao ni Waarabu wa mjini. Babu zao walikuwa na mashamba ya karafuu, wao wamebakiwa na nyumba inayovuja. Baba yangu mimi alitoka Tabora, akabeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukakataa. Lakini ngazi ni moja na kisima ni kimoja, na chumvi ikimwishia Bahiya mlango anaobisha ni wangu. Mungu hakumjaalia mtoto. Alimjaalia Tamim.

Tamim, mumewe, alikuwa fundi wa redio Mkunazini, mtu wa maneno mengi kupita kiasi. Ukimpelekea redio asubuhi unaondoka nayo adhuhuri, si kwa sababu ya ubovu wa redio, bali kwa sababu hadithi yake haijesha. Siku moja mwaka 1995 aliangukia meza yake ya kazi. Kwa kuwa alikutwa na waya mkononi, mtaa mzima ukaamua kuwa amepigwa na umeme. Hospitali wakasema la, ni mshipa wa kichwani umeziba, chini kabisa ya ubongo, pale shingo inapoanzia.

Tangu siku hiyo hakikutikisika kiungo chake hata kimoja. Alikuwa akipumua mwenyewe, na macho yake yalifunguka nusu, lakini yalihama hama ovyo, hayakumfuata mtu. Daktari alisema moyo mzima, mapafu mazima, ila mwenyewe hayupo. Waganga wakaja na wao, wakasema yupo lakini kakaliwa na jini wa baharini. Waliletewa ubani, udi na kuku mweusi, wakala kuku wakaondoka.

Bahiya akabaki naye. Alimlisha uji kwa mpira unaopita puani, akamuogesha, akamnyoa, akamkata kucha. Mara kadhaa kwa siku ilibidi ageuzwe, na hapo ndipo alipokuwa akiniita. Yeye hushika mabega, mimi hushika miguu. Miaka tisa, na mgongo wa Tamim haukutoka kidonda. Watu wakija kumtazama walikuwa wakimsema hapo hapo alipolala, kana kwamba wamesimama mbele ya kabati.

Kisha kulikuwa na mambo ya Ijumaa. Baada ya sala ya alasiri, saa ile ambayo watu wanasema dua hairudi, Bahiya alikuwa akimpaka mumewe kichwani mafuta ya nazi yaliyosomewa, anaweka kiganja kwenye paji la uso wake, na anaomba kwa sauti. Sheikh mmoja alimfundisha cha kusema, maana kumwombea mtu kifo hivi hivi si ruhusa. Unasema: Ya Rabbi, ikiwa uhai ni kheri kwake, mhuishe, na ikiwa kifo ni kheri kwake, mfishe. Unaweka vyote viwili mbele ya Mungu, naye ndiye anayechagua.

Miaka ya mwanzo aliisoma yote. Baadaye lile fungu la kwanza likawa linasemwa haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Halafu Ijumaa moja, nimeshika miguu ya Tamim, nikasikia limeanguka kabisa. Likabaki la pili peke yake. Ya Rabbi, mfishe. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyengine, na nyengine. Sikumlaumu. Mwenye haki ya kumlaumu ni yule aliyemuosha mtu mzima miaka yote hiyo, na huyo sikuwahi kumwona akipanda ngazi zetu.

Sasa nirudi kwenye kofia. Mazin ni mtoto wa Turki, kaka yake Tamim. Alipata kusoma Ujerumani, akabaki huko kufanya kazi kwenye chuo kinachotengeneza vyombo vya kuwasaidia watu waliopooza. Alikuja likizo kwa muda mfupi, na chombo chake akaja nacho.

"Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba, mwanangu. Ushakula?"

"Nshakula." Akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kueleza, na mimi nilikuwepo, nakunja mashuka. "Ubongo ukifikiri unatoa umeme, mdogo sana, hata betri ya saa inaushinda. Kofia hii inausikiliza kupitia ngozi ya kichwa. Mtu akiwaza anatumia mkono, hata kama mkono wenyewe haujitikisi, umeme wa upande ule unabadilika. Kompyuta inaona, inatoa sauti. Akiwaza mkono, sauti inapanda, hiyo ndiyo. Akiwaza miguu, sauti inashuka, hiyo la. Kule tunao watu walioganda mwili mzima, wanaandika kwa njia hii herufi moja moja, na wengine wanawasha taa wenyewe."

"Kwa hivyo unataka kumtafuta kama yumo," akasema Bahiya.

"Nnataka kuzungumza naye."

Bahiya aliitazama ile kofia kitandani. Kisha akauliza, "Na akiwa yumo, alikuwemo tangu lini?"

"Tangu siku aliyoanguka. Ikiwa mshipa wenyewe ni ule nnaoudhani, masikio hayakuguswa, na akili pia haikuguswa. Atakuwa anasikia kila kitu."

Alisema hivyo kwa furaha, masikini, akidhani amemletea mke wa ami yake zawadi. Bahiya akachukua sinia ya kahawa. Nilisikia vikombe vikigongana ngazi nzima mpaka chini, nikamfuata. Nilimkuta amekaa kwenye kiti changu cha jikoni, sinia bado iko mikononi.

"Mwatum," akasema, "miaka yote nnamwambia Mungu amuue, na mkono wangu uko juu ya kichwa chake."

Nilimwambia labda hayumo. Nilisema ili kumtuliza. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikaona ni faraja ya namna gani hiyo.

Habari zilienea, kama zinavyoenea Kiponda. Waliokuwa wakija kumtazama mgonjwa kila wiki ghafla wakawa na shughuli. Mmoja, jina lake nalihifadhi, alinishika mkono kisimani akaniuliza je, mashine hiyo inatoa yaliyosemwa zamani au yanayosemwa sasa tu. Nikamwambia inatoa yote na majina. Mungu anisamehe, lakini alistahili.

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumamosi. Mazin alimvisha ami yake kofia, akatia uji mweupe wa kupitishia umeme kwenye kila kitundu, akaunganisha nyaya kwenye kisanduku na kisanduku kwenye kompyuta. Mistari ikatokea kiooni, ikachafuka, ikaruka juu na chini bila mpango. Alizima feni, akazima friji, akisema umeme wa nyumba unaingilia. Mistari ikazidi kuchafuka. Mwishowe akapitisha kidole kwenye nywele za Tamim, akakinusa.

"Kuna mafuta."

"Ya kusomewa," akasema Bahiya. "Jana ilikuwa Ijumaa."

"Najua, Bi Bahiya, na si kosa. Lakini mafuta yanaziba, umeme wa kichwani haupiti. Hebu muoshe kwa sabuni, kesho kutwa tutajaribu tena."

Alimuosha, nami nilichota maji. Lakini siku ya jaribio la pili, nilipofungua mlango wa chumba, harufu ya nazi ilinipokea. Nikamtazama Bahiya. Alikuwa anakamua kitambaa kilichokwisha kukauka. Mazin alikuwa na mafua yaliyomkamata tangu ndegeni, hakunusa kitu.

"Umemuosha, Bi Bahiya?"

"Nimemuosha."

Kumuosha alimuosha kweli. Alichokifanya baada ya kumuosha hakuulizwa. Mimi nilikuwa na mdomo, ningeweza kusema, lakini niliangalia alivyokuwa akikikamua kitambaa kile, nikaona hofu kama ile haikaripiwi mbele ya kijana. Mistari ikachafuka tena. Mazin alihangaika mpaka jasho likamdondokea kwenye vitufe. Kisha akavua kofia taratibu, akaufuta uji kwenye nywele za ami yake.

"Labda hakuna kitu cha kusikiliza," akasema. Usoni alionekana mtoto.

Kumbe alikwenda kumwambia baba yake hivyo hivyo. Kesho yake Turki akapanda ngazi zetu, pole pole kwa sababu ya magoti. Turki ni mtu mpole, sijapata kumsikia akipaza sauti. Alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama mdogo wake, akasema:

"Bahiya, ndugu yangu keshakwenda. Tulikuwa hatutaki kukubali, lakini mashine imetafuta, haikumkuta. Umefanya lisilofanywa na mtu. Wewe bado kijana. Nenda kwa kadhi ukaombe kufunguliwa ndoa, na mie mwenyewe ntakwenda na wewe, ntasema mbele yake kwamba huna lawama. Tamim tutampeleka shamba, Bumbwini, kuna watu wa kumlisha, mpaka Mungu amalize kazi yake."

Mlango ambao Bahiya alikuwa akiuombea miaka yote ulikuwa umefunguliwa mchana kweupe, na aliyeufungua ndiye pekee ambaye angeweza kumsema vibaya kwa kupita. Alichotakiwa kufanya ni kutojibu kitu. Mafuta yalikwisha kumsemea.

"Shemegi," akasema Bahiya, "usiyaseme haya hapa."

"Niyaseme wapi?"

"Nje, ukumbini. Usiyaseme mbele yake."

Turki akamwangalia, hakuelewa. Bahiya akageuka kuniangalia mimi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Mtu hampeleki mtu ukumbini kwa kuogopa kabati lisisikie. Alikuwa anajua, na sijui tangu lini alikuwa anajua.

"Mwatum," akasema, "nletee beseni. Na sabuni ya kipande, ile ya kufulia."

Nilimshika Tamim shingo, yeye akamuosha. Alimuosha mara ya kwanza, akamwaga maji. Akamuosha tena, akamwaga. Akachukua limau akalikamulia kwenye nywele, akasuuza mpaka kiganja kikipita kinakwama. Meno yake yalikuwa yanagongana, na hali ya hewa ilikuwa ya joto la kupasua kichwa. Aliinama sikioni mwa mumewe, akamwambia, "Nnakuosha ili useme. Ukipata kusema, sema utakalo. Usinionee haya." Kisha akamwita Mazin yeye mwenyewe.

Siku ile mistari ilitulia. Ilikuwa ikipita kiooni kwa mawimbi madogo madogo, na Mazin akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Ami Tamim, mie Mazin, mtoto wa Turki. Nikikwambia ndiyo, fikiria mkono wako wa kulia unazungusha kitufe cha redio, unatafuta stesheni. Nikikwambia la, fikiria unatembea. Usifanye haraka."

Walifanya hivyo mchana mzima. Sauti ilitoka kwenye kompyuta, nyembamba, inayumba, inapanda kidogo na kuanguka, kama mtoto anayejifunza kupiga mluzi. Feni imezimwa, madirisha yamefungwa, na sisi tumekaa tunachuruzika jasho bila mtu kuthubutu kujipepea. Baadaye Mazin akasema yuko tayari kuuliza.

"Jina lako Turki?"

Sauti ikashuka.

"Jina lako Tamim?"

Ikakaa pale pale kwa muda, halafu ikapanda. Turki akakaa chini sakafuni, akaanza kusoma shahada kwa sauti ya chini, mara baada ya mara. Miguu ile niliyokuwa nikiishika nikizungumza bei ya samaki ilikuwa na mwenyewe.

"Mke wako ni Rasha?" Mazin alimtaja mamake.

Sauti ikashuka upesi sana hata Mazin akacheka, na machozi yanamtoka. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akamgeukia Bahiya. "Muulize na wewe."

Bahiya alikuwa amesimama ukutani, mdomo ameuziba kwa mtandio. Nilidhani atakimbia. Alimwomba Turki atoke, akatoka. Mimi nikanyanyuka, akanishika nguo, akasema nibaki. Mazin hakuweza kutoka kwa sababu ya mashine.

"Basi usinitazame," akamwambia. Mazin akageuzia uso kwenye kioo.

Akaja mpaka kitandani. Hakuweka mkono kwenye paji lile. "Tamim. Ijumaa, ulikuwa ukinisikia?"

Ikapanda.

"Nlipokuwa nnaomba? Zote?"

Ikapanda.

Alishika nguzo ya kitanda, na kitanda kizima kikatikisika. Nilisogea nikidhani ataanguka. Lakini alikuwa na jambo lake, na nililijua kabla hajalisema. Miaka yote alijiambia kwamba lile analoliomba, hata Tamim mwenyewe, laiti angekuwa na ulimi, angeliomba. Hilo tu ndilo lililomfanya apate usingizi.

"Unataka Mungu akuchukue?"

Sauti ikashuka.

"Imekosea," akasema Bahiya. "Mazin, imekosea."

"Muulize tena."

"Tamim, unataka kufa? Upumzike?"

Ikashuka, kwa uzito zaidi, ikabaki chini.

"Unataka kuishi?" Bahiya akainama karibu. "Hivi ulivyo? Hivi hivi, kitandani, na mpira puani?"

Ikapanda, ikaendelea kupanda, mpaka Mazin akanyoosha mkono kupunguza kelele. Tamim, yule bwana wa maneno mengi, alikuwa amelala pale miaka tisa anasikiliza adhana, wachuuzi wa njiani, mvua kwenye bati la jirani, porojo langu na vichekesho vya watu, na yote hayo aliyataka. Kila Ijumaa jioni alisikia mkewe akiomba anyang'anywe.

"Unanipa radhi?" akauliza Bahiya.

Hii haikungoja. Ilipanda kabla hajafunga mdomo. Mimi nililia kwa sauti, kama msibani. Bahiya hakulia, alikuwa anautazama uso wa mumewe kwa makini, na nilidhani ndiyo hofu imekwisha. Mjinga mimi.

Mazin alirudi kazini kwake, akaiacha kofia na kompyuta, baada ya kumfundisha baba yake namna ya kuvitumia. Kabla ya kuondoka aliunganisha redio ya Tamim mwenyewe kwenye kile kisanduku, ili akiwaza mkono redio iwake na akiwaza miguu izimike. Mara ya kwanza ilipowaka bila kuguswa na mtu nilimwaga bakuli zima la uji. Sasa nimezoea. Wengine wa mtaani bado wanashuka ngazi mbio, na Tamim, nina hakika, huwa anaiwasha kusudi.

Mafuta anapakwa bado, Ijumaa, akishavuliwa kofia. Dua pia ipo, lakini imegeuka. Fungu la pili halitajwi, limebaki la kwanza. Mhuishe, anasema Bahiya, mhuishe, mhuishe, na anarudia mpaka koo linakauka, kama mtu aliye mbioni kuzipita dua zake za zamani zilizotangulia mbele. Tamim akikohoa anaacha chochote anachofanya. Akipumua kwa kina anasimama kumhesabia pumzi. Yule aliyemtoa nyoka kwa koleo sasa anashtuka mlango ukigongwa na upepo.

Masika ya mwaka uliofuata kifua kikambana Tamim. Daktari alikuja akapiga sindano, akasema kwa mtu wa namna hii kifua ndicho cha kuogopwa, tungoje tuone. Tuliambiwa tumgeuze mara nyingi zaidi kuliko desturi, ili makohozi yasituame. Ilikuwa alasiri, mvua imeshika, na pumzi zake zilikuwa na mlio. Bahiya aliniita, nikapanda. Alikuwa kichwani, mikono tayari chini ya mabega, lakini hakunyanyua. Alinivuta karibu mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu, akanong'ona, ili Tamim asisikie.

"Mwatum. Na Mungu je, Ijumaa zile, naye alikuwa akinisikia?"

Nilishika miguu, tukamgeuza.